Mrehani Juu ya Samaki

5 Machi

Kwa mwanangu Kipusa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti tu, nayo tumeshazoeana.

Tangu uliponipeleka kwa wakwe zako nacheka peke yangu kwenye cherehani. Mwenzio naona samaki kaletwa mezani kafunikwa mrehani, nikashtuka: "Jamani, nani anaumwa?" Kwetu mrehani unakaa kwenye kopo mlangoni, hauchumwi mpaka mtu akohoe. Wewe na kifua chako kile, nimekuchemshia utoto mzima. Ningejuaje kuwa wenzetu wanaula wakiwa wazima?

Lakini mama mkwe wako ana roho nzuri. Aliponipa vyombo nikaoshe, nikajua nimeshakuwa mtu wa nyumbani. Mgeni haoshi vyombo. Sasa niambie rangi ya harusi, nitafute kitambaa mapema.

Shangazi yako

19 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Habari za siku? Huku wazima. Samahani kwa kuchelewa, mambo yamenizidi.

Ile "nani anaumwa" bado wanaisimulia. Kila samaki akiletwa, mawifi wanaanza. Kwa watu hawa majani ni kiungo, Shangazi, na mtu anapimwa kwa vitu kama hivyo. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuwatazama na kumeza kimya kimya. Si ungenitazama kwanza?

Harusi tumeamua iwe ndogo, watu wachache tu. Usihangaike na kitambaa. Nitakuja baadaye nikuletee picha. Usinifikirie vibaya.

Mwanao

2 Mei

Kipusa,

Barua nimeipata. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Mpishi wa wakwe zako alikuja kupunguziwa sare. Akaniuliza, "Mama, kwa kina bibi harusi ulifanya kazi miaka mingapi?" Nikamwambia kazi gani, mimi ni shangazi yake. Maskini akaona haya. Akasema siku ile nilipotoka kwenda kunawa, walikuuliza yule ni nani hasa, nawe ukajibu, "Tunamwita shangazi tu. Alikuwa mfanyakazi wetu." Ndiyo maana nikapewa vyombo. Nami nikavisugua kwa furaha, mjinga mimi.

Kicheko hakiniumi, hata mimi nilicheka. Kuosha vyombo si aibu. Inaniuma kwamba mama yako alipofariki, ndugu waligombania kabati na vitanda, wewe hakuna aliyekutaka. Nikakubeba mgongoni nikaenda nawe. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi kutwa nzima najiuliza nilikosea wapi. Nimechoka kujiuliza.

Shangazi hana ruhusa ya kuondoka, damu haiachwi hivi hivi. Mfanyakazi yeye akichoka anafunga virago vyake. Basi mwenye nyumba, nimeacha kazi. Hizo picha usiniletee.

Fundi cherehani