Mama Anakufungia

Mdogo wangu Ratmi, huko Taiwan,

Hapa nyumbani Wonosari mvua imegoma, mbuzi wako amezaa mapacha, na jirani Darsi bado anatutesa na kipaza sauti chake kibovu. Mama anakusalimu. Kasema nikuandikie kwamba hajambo.

Hajambo gani! Kile kikohozi si TB iliyorudi, kama tulivyodhani. Safari hii hospitalini walimtoa damu, wakaidondosha kwenye kijikaratasi cha kipimo, na jibu likatoka tukiwa bado kwenye benchi: ni fangasi, wamejijengea ndani ya tundu lililoachwa na TB pafuni. Akapewa vidonge, akaambiwa avimeze ameshiba, maana bila chakula mwili hauvipokei.

Juzi tulirudi. Daktari akapima damu tena, akashangaa: dawa ni kama haimo.

"Mama, unavitupa?"

"Nivitupe, mimi mwehu? Nameza vyote."

"Unakula nini?"

Mama akaanza kukunja leso yake. Nikamjibia mimi: anafunga ile saumu ya mutih, ili wewe urudi salama. Jua likizama anakula wali mweupe kidogo, hata chumvi hautii. Vidonge anavimeza alfajiri, tumbo tupu.

"Tumbo ni langu, na mtoto ni wangu," Mama akamwambia daktari. Kisha akakohoa, na leso ikawa nyekundu.

Nimemgombeza, nimemnunia, nimempikia mpaka fenesi la nazi analolipenda. "Ratmi akirudi nitakula," ndiyo jibu lake.

Mkataba wako wa kazi umebakiza miaka miwili. Mama hana muda huo. Mpigie leo, umwambie ale, na usikate simu mpaka umsikie akitafuna.

Kaka yako,
Wiryo