Shimo Lililobaki Wazi

Githongo, Mei 1955

Kwako Gitonga, mtoto wa mama yangu,

Mvua imenyesha vizuri. Mama anakohoa lakini anakula. Mafuko wamemaliza viazi vitamu vyote vya shamba la juu, na hakuna wa kuwategea, maana wategaji mlikuwa wewe na Mutuma.

Mlinifundisha wenyewe. Fuko huishi peke yake chini ya ardhi, na kumfukuza ni kazi bure. Unatoboa njia yake, unatega kitanzi, unanyamaza. Mwanga na upepo vikiingia, hawezi kuvumilia. Atakuja mwenyewe kuziba kwa udongo.

Juma lililopita homugadi, askari wa serikali ya mzungu, walitupeleka wanawake msituni kukata vichaka, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Walipofika kwenye handaki alimojificha Mutuma tangu ajiunge na wapiganaji wa msituni, hawakuingia wala kupiga kelele. Waliondoa matawi yaliyofunika mlango, wakakaa kando. Ndugu yetu alipotoka kuyarudisha, wakampiga risasi.

Gitonga, mzungu gani anajua kutega fuko? Nani amemfundisha, kama si wewe uliyevaa koti la askari wao huko kambini Embu? Usinijibu. Sitaki maneno yako.

Mwili wameuchukua, shimo limebaki wazi. Nilitaka kulifukia, mama akanishika mkono.

“Liache. Atakuja Gitonga mwenyewe kuliziba.”

Basi njoo. Mimi nimekaa kando, nimenyamaza.

Dada yako,
Nkatha