Kwa Profesa Wetu, na Boksi Tulilolichoma

Leo mwaka unatimia, dada, tangu uanguke kwenye ngazi za maktaba ya chuo, umebakiza sura moja ya tasnifu yako.

Ulikuwa karani wa masijala ya mahakama kwa miaka kumi na tisa. Ulipotutangazia, ukiwa na umri wa miaka arobaini na sita, kwamba unakwenda kusomea shahada ya uzamili ya uhalifu na haki jinai, mumeo alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, wahalifu unawaona kila siku bure, cheti cha nini tena?" Sote tulijua ni kwa ajili ya kaka, mahabusu mwaka wa sita kwa wizi wa ghala, kesi ikiahirishwa kila mara kwa sababu jalada halionekani. Ulitaka kujua majalada yanapoteaje. Ukaamua kuuliza kisomi, pengine watakusikiliza.

Tukakuita Profesa. Na ulituchosha kweli! Mtu hawezi kusema jirani kaiba kuku, ataulizwa, "Chanzo chako nani?" Mama akisema "mfungwa wangu", ulimrekebisha polepole: "Mahabusu, mama. Hajahukumiwa." Ulisoma ukiwa umeweka rula chini ya mstari na miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, chai ikipoa pembeni.

Uliwahoji mahabusu thelathini na mmoja. Majibu yao uliyatia kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, ukatuonya mezani, kidole juu: "Hawa nimewaahidi siri. Kazi ikiisha, yote moto. Mtu asisome."

Tulikusikia, dada. Ndilo kosa letu. Siku ya nne baada ya mazishi mama alisema, "Mwanangu hakuwahi kuvunja ahadi, hataanzia kaburini." Tukalibeba boksi hadi uani. Kiberiti nilikiwasha mimi. Hatukusoma hata mstari mmoja, tukajiona watu wema.

Wiki mbili baadaye msimamizi wako wa chuo alikuja kutoa pole. Akauliza, "Ile bahasha ya kaki mliitoa kwanza?" Mama akauliza, "Bahasha ipi?"

Akatueleza. Alikuwa amekukataza kumhoji kaka, maana mtafiti hamhoji wa damu yake. Lakini ulipokuwa ukipekua majalada, ulikuta ndani ya kesi ya mirathi, mahali pasipo pake, maelezo ya mlinzi wa ghala: alimwona mwizi kwa macho yake, na hakuwa kaka. Ukatoa nakala, ukaitia kwenye bahasha ya kaki, ukaificha ndani ya boksi, chini kabisa, umpelekee wakili wa kaka Jumatatu. Ulifariki Ijumaa. Sisi hukutuambia, kwa kuwa hukutaka mama atumaini bure tena.

Tumekwenda masijala mara saba. Jalada la mirathi nalo halionekani. Mlinzi naye alishakufa.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Huyu wetu tunakula naye sahani moja. Mama hakai tena karibu na moshi. Tasnifu yako iko kabatini, haina sura ya mwisho wala ushahidi. Na nina hasira na wewe pia, Profesa, nisikudanganye. Neno moja tu ungetuambia. Moja.

Unakumbukwa na mama yako, mumeo, ambaye hacheki siku hizi, wanao wawili, mimi mdogo wako, na kaka yako, ambaye msimamizi wako alimwambia kuhusu bahasha kabla ya kuja kwetu, nasi hatujapata ujasiri wa kumwambia ilikoishia. Kila Jumapili huniuliza kwenye wavu wa gerezani, "Mmeitunza?" Nami hujibu, "Iko salama, kaka." Gazeti hili humfikia huko likiwa la juzi, na husoma kila ukurasa, hata matangazo ya minada.

Kaka, haiko salama. Tuliichoma wenyewe.

Dada, tutakukumbuka daima. Kukusahau ndiko kungekuwa nafuu.