Ukuta Nyuma ya Dereva

Kwako Bi Mshauri,

Baada ya salamu, kwanza niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii niliianza tangu baada ya hitima ya mwanangu, nikaiacha, nikaianza tena masika haya, nikaiacha, mtoto akilia naiweka, chungu kikifurika naiweka, na kusema kweli si mtoto wala chungu, ni mie mwenyewe nilikuwa sitaki kuyaona maneno haya yamekaa juu ya karatasi. Sasa siwezi kuchelewa tena, kwa sababu wakala wa magari huko Unguja ametuma salamu kuwa anataka jibu letu kabla ya meli ijayo. Naomba msaada wako. Mie si msomi sana, darasa nililofika ni la kujua kusoma na kuandika, na majina ya humu nimeyabadili, nawe kabla hujaitia gazetini ukiona pa kubadili zaidi badili.

Mume wangu, nimwite Jaribu, na mdogo wake Nyange, wananunua Landrova. Wanaitaka ivute tela la karafuu na nazi mpaka bandarini Wesha wakati wa msimu, na siku zilizobaki iwe gari yetu ya kila siku, ya kwendea mjini Chake, ya arusi, ya wagonjwa, kwa kuwa huku kwetu Kengeja mvua ikinyesha ule udongo mwekundu hauna tofauti na sabuni na magari mengine hukwama hapo hapo mlimani. Basi wakala anauliza mambo mengi, chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, iwe fupi au ndefu, petroli au dizeli, paa la turubai au la bati, kulabu ya tela, winchi ya mbele ya kujivutia gari ikikwama, na jambo moja ambalo wao wenyewe wanaliona dogo: iwe gari ya kebini, maana yake dereva na walio mbele wana chumba chao na nyuma ya migongo yao upo ukuta wa bati wenye kijidirisha cha kioo, au iwe bodi moja, wazi toka mbele mpaka nyuma, yenye viti vya pembeni vya kukunja.

Nyange anataka ukuta. Anasema ukuta unaishika gari isipindike inapovuta, na mzigo haumwangukii dereva mgongoni kwenye mteremko. Walikuwa barazani wanabishana habari ya dizeli, mie nawapelekea kahawa, nikasema tu, "Na huo ukuta wa nini?" Nyange akacheka, akasema, "Shemegi, hii ni gari, si nyumba ya kukaguliwa vyumba." Nikamwambia, "Nyumba yenyewe hukunishirikisha ulipoijenga, ndo maana inavuja." Hata Jaribu akacheka, na Jaribu hacheki siku hizi. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, mbele ya mdogo wake, "Mama Hija, weye wataka ipi? Sema, maana gari hii ni yako vilevile." Bi Mshauri, mwanamke gani huulizwa hivyo? Nami nikaokota vikombe nikasema, "Nitafikiri," nikaenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nisiwe na nazi ya kukuna.

Sababu yake ndiyo hii.

Jaribu alikuwa dereva wa lori la abiria. Mwaka jana, masika, mwanangu wa kwanza, Moza, alishikwa na homa, tukamganga nyumbani, ikapungua, ikarudi kwa nguvu, alfajiri Jaribu akasema tunampeleka hospitali Chake kwa lori lile lile, na abiria wake wa kila siku wakapanda kama kawaida. Mbele, pembeni yake, alikaa baba yake, Mzee Ngwali, na mzee mwenzake mwingine, ndio kawaida, mbele ni kwa wazee. Mie siwezi kubanana kiti kimoja na baba mkwe, huku kwetu halipo hilo, nikapanda nyuma na Moza kifuani pamoja na wanawake wengine. Baba mkwe hakusema "njoo ukae hapa", mie sikusema "nipisheni", sote tulikuwa na adabu zetu. Tulipopita Mtambile mvua ikamwagika, wakashusha maturubai ya pembeni, ndani giza, maji yanatuingia miguuni, na mtoto akaanza kutetemeka, macho yakapanda juu. Nikagonga ubao wa kebini. Wewe wajua gari za shamba, anayetaka kushuka hugonga bodi. Nikagonga, nikagonga kwa kiganja, nikavua kiatu nikagonga kwa kiatu, wenzangu nao wakagonga, na gari ndiyo kwanza inazidi kukimbia. Alifikiri ni abiria wanaotaka kushuka njiani. Baadaye alisema mwenyewe, "Walinigongea wale, nikasema hashuki mtu hapa, mwanangu mgonjwa, watashuka Chake."

Sikumgongea aje amponye, Bi Mshauri. Nilimgongea aje amshike mkono.

Tulipofika, mtoto alikuwa ameshalegea zamani, kutetemeka kumekatika, mkono wake mie nimeushika naujua ulivyokuwa. Jaribu akaja mbio na mvua yake, akafunua turubai, akauliza, "Yu vipi?" Nikamwambia, "Amelala." Sijui kwa nini nilisema. Akamchukua akakimbia naye, na mlangoni wakamwambia ameshatutoka. Mpaka leo akipewa mkono wa tanzia na mtu aliyechelewa kusikia, husema, "Alhamdulillahi, alinifia mikononi." Ndilo linalomsimamisha. Baada ya maziko akarudisha funguo za lori kwa mwenyewe, akasema mgongo unamuuma, hajaendesha gari tena, na hii Landrova ndiyo jambo la kwanza nililomwona analitamani tangu siku ile.

Sasa ninaye Hija, mdogo wake Moza, ana pumu. Usiku wa upepo kifua chake hulia kama kitoto cha paka, hukaa naye nimemwinua mpaka kukuche, usingizi nimeusahau. Najua itafika siku ya kumkimbiza, na najua nitakaa wapi, nyuma, na mbele yangu bati. Nikisema nataka gari isiyo na ukuta, Jaribu ataniuliza kwa nini, na akiniuliza akinitazama machoni sitoweza kumdanganya mara ya pili, nitamwambia kuwa aliyekuwa anagonga ni mie, na pale nitakuwa nimempokonya mwanawe mikononi. Nikinyamaza, ukuta unakuja. Nimejaribu kutafuta uongo mwengine wa kukataa ukuta, kwamba joto, kwamba harufu ya petroli, Nyange akauvunja wote kabla sijamaliza kusema.

Basi naomba uniletee haya, na yasichelewe kama nilivyochelewa mie: kauli ya fundi unayemwamini, kama gari isiyo na ukuta inaweza kuvuta tela lenye magunia bila kupindika, jina lake hiyo gari kwa wakala, uliandike kwa herufi kubwa, shauri lako juu ya paa, turubai au bati, kwa mvua za huku, na maneno ya kuanzia kwa mume wangu. Ya kuanzia tu. Yaliyobaki nitayasema mwenyewe.

Ni mimi,
Mama Hija, Pemba

*

Mama Hija,

Radhi umepata. Nami nimekubadilishia na mengine humu ili usijulikane, kwa hivyo usitishike ukiona njia imepinda.

Pole kwa Moza. Mungu amfanye mtangulizi wako peponi. Nimeisoma barua yako mezani kwangu nikaiweka, nikaenda nje, nikarudi. Na sasa nitakugombeza, maana pole peke yake haikuharakishi, na meli inakuja.

Kwanza gari. Nilikwenda kwa fundi, nikamuuliza kama ulivyoniagiza. Anasema tela halivutwi na ukuta wala na bodi, linavutwa na chesisi, na kulabu hufungwa kwenye chesisi. Ukuta uwepo usiwepo, gunia halijui. Shemegi yako kasema kwa kujiamini, basi, wanaume wa barazani hawakosi hilo. La mzigo kumwangukia dereva ni kweli, lakini dawa yake ni kamba na wavu, na mzigo wenu mkubwa utakuwa kwenye tela. Chukueni chesisi ndefu: ile fupi hugeuka vizuri baina ya mikarafuu, lakini kwenye mteremko tela lililojaa huisukuma kama mtu anayemsukuma mwenzake foleni. Paa liwe la bati. Turubai kwa mvua zenu litaoza kabla mtoto hajaanza chuo cha Kurani. Dizeli au petroli, mpe Nyange dizeli yake, huvuta kwa subira na itamfurahisha kushinda kitu chochote. Winchi acheni, mkikwama Kengeja hawatakosekana watu wa kusukuma. Na jina la gari ni la Kiingereza, mwandikieni wakala kama linavyotamkwa: STESHENI WAGENI, CHESISI NDEFU, BODI MOJA.

Sasa wewe. Umefanya kosa moja nalo si lile unalolifikiri. Unaona una jambo moja la kumwambia mumeo, kumbe yako mawili, umeyafunga fundo moja. La kwanza ni kwamba aliyegonga ni wewe. Hilo unalijua, ulilifanya kwa mkono wako, na ni haki yake kulisikia. La pili ni saa gani roho ya mtoto ilitoka. Hilo hulijui. Mkono ulilegea, ndiyo, lakini wewe si daktari, wewe ni mama uliyekuwa gizani na maji miguuni. Saa ile aijua aliyeichukua roho. Usimtolee mumeo ushahidi usio nao. Akisema alimfia mikononi, mwachie, hajasema uongo unaoweza kuuthibitisha.

Unasema hajui. Mwanangu, dereva haachi gari kwa mgongo halafu akatamani gari nyingine. Simwapii mtu nisiyemjua, lakini nadhani anajiuliza kila siku ni nani aliyegonga kwa nguvu zile, na hathubutu kukuuliza kama usivyothubutu kumwambia. Na hata kama hajiulizi, umesahau wanawake waliokuwa nyuma pamoja nawe? Nao waligonga ubao ule ule. Kijiji chenu ni kidogo, siku moja mmoja wao atasema kisimani, kwa huruma kabisa, na mumeo atalisikia kwa watu. Bora alisikie kwako.

Na lile la kukaa nyuma kwa adabu, limekwisha. Siku Hija atakapobanwa, utapanda mbele na mtoto wako. Aliyekaa hapo, awe baba mkwe awe kadhi, mwombe kwa heshima ashuke, na asiposhuka mwombe bila heshima. Mzee Ngwali alimpoteza mjukuu safari ile. Ukimwambia, "Baba, nipishe, mtoto kifua," nina yakini atashuka kabla hujamaliza kusema.

Maneno ya kuanzia uliyoniomba ni haya, na usiyapambe: "Baba Moza, siku ile nilikuwa nakuita wewe." Mwite hivyo hivyo, Baba Moza, kwa jina la mkubwa. Mwambie mchana, Hija akiwa kwa bibi yake, Nyange asiwepo, kahawa isiwepo, uwe umekaa, si umesimama unaokota vikombe. Kisha nyamaza. Akiinuka akatoka, usimfuate, atarudi. Akilia, usimnyamazishe. Akikuuliza, "Mbona ulisema amelala?" mjibu kweli: kwamba mlikuwa mmelowa nyote na hukuwa na neno jengine.

Wala usingoje mpaka ulale vizuri kwanza, hutolala. Ukuta huu leo bado ni neno tu baina yenu na wakala, na neno mnaweza kulifuta mkiwa mmekaa mkekani. Ukishashushwa Wesha utakuwa bati na skurubu.

Mshauri wako