Waya Uliopita Ukuta wa Uani

Camagüey, Jumatatu

Dada mpendwa Idalmis,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Montevideo haijawashinda. Huku tu wazima. Mama ni mzima kutushinda sote, na hilo ndilo limenifanya nikuandikie karatasi, maana ujumbe wa simu yangu huwa anauchungulia.

Kwanza habari ya mitambo. Ruta uliyotutumia ya kusambaza waifai ilifika salama, imeviringishwa ndani ya soksi. Ulisema niite fundi, kwa kuwa modemu tuliyopewa na kampuni ya simu ni ya zamani, haina waifai, ina tundu moja tu la waya. Fundi wa nini, nami nipo? Modemu niliiacha palepale chini ya picha ya marehemu Baba, nikaiunganisha na ruta kwa waya. Ikagoma. Kumbe zote mbili zilitoka kiwandani na anwani moja, kila moja ikijiona bwana wa nyumba, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikaibadilishia ruta anwani, nikaweka neno la siri, na waifai ikafika mpaka jikoni. Mama alisema kumbe zile redio zake nilizoziharibu utotoni hazikufa bure.

Ila kila alasiri, Mama akishakunywa kahawa na kujifungia chumbani, mtandao ulikuwa unakatika, kisha unarudi wenyewe. Nilipomuuliza, alinijibu nimwache apumzike, hata mitambo huchoka na jua.

Mimi si mtu wa kushindwa na waya. Niliufuata kuanzia kwenye nguzo. Unakumbuka Baba alivyomvutia jirani yetu Mzee Eladio waya wa simu yetu kupitia ukuta wa uani, ili mkewe mgonjwa aweze kumwita daktari? Mke alishafariki, waya bado upo. Sasa kila simu iliyo kwenye laini yenye mtandao huwekewa kichujio kidogo pale inapochomekwa ukutani, la sivyo ikiinuliwa tu mtandao unavurugika. Ya Mama nilikuwa nimeiwekea. Ya Eladio niliisahau kabisa.

Nikachukua kichujio, nikaenda kwake alasiri hiyohiyo. Mlango ulikuwa wazi. Mzee amenyoa ndevu, amevaa shati la pasi, simu iko sikioni, anacheka. Nikasikia sauti ya Mama ikitoka humo, ikimwambia, “Wee Eladio, acha uongo wako! Wali umeuunguza mwenyewe, usimsingizie paka!” Laini ni moja, dada. Wakiinua simu zote mbili kwa pamoja na mmoja akabonyeza tarakimu yoyote, ule mlio wa laini unakatika, wanaongea bure. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka juzi, na kati yao pana ukuta ambao hata kuku wetu anauruka.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Eladio aliona aibu, akaniambia mtaa una macho, na kwamba Mama ndiye aliyemkataza kuonekana mlangoni kwetu kabla wanawe hawajajua. Jioni nilimkabili Mama. Hakuzunguka: wanaoana Desemba. Mimi alikuwa ameshajipanga kuniambia, lakini wewe alishindwa. “Idalmis nimemzaa mwenyewe,” alisema, “lakini namwogopa, mwanangu. Mwambie wewe.”

Basi nakwambia. Ulinituma nifunge mtandao huu ili uongee na Mama kila siku mpaka akubali kuhamia kwako, kwa kuwa yuko peke yake. Hayuko peke yake. Haji, dada, nami sitamshawishi tena. Najua chumba chake umeshakipaka rangi, na inaniuma sana kukuandikia haya.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kichujio nimeshakiweka kwa Eladio, kwa hiyo Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii piga bila wasiwasi, mtandao hautakatika. Kwenye kioo cha simu utawaona wawili, naye Mama atakuwa anakutazama asijue pa kuficha macho. Nakuomba kitu kimoja tu: umsalimie Eladio kwanza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Noelvis