Mlipuko wa Nane

Geita, Jumapili, 1952

Jua la leo halina adabu. Tangu asubuhi linachoma bati la nyumba yetu hapa kambini kana kwamba lina kesi na mimi, na upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya uji. Mvua bado. Nimekaa mlangoni, mtu mzima na kitambi changu, nimeshika kalamu ya risasi kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja haiandiki, inacheza ngoma.

Nina hasira na Masanja.

Niandike tena nione kama imepungua. Nina hasira na Masanja. Haijapungua hata kidogo.

Tulitoka Shinyanga pamoja kwa miguu, kila mmoja na blanketi lake begani, kutafuta kazi ya mgodi. Masanja ndiye aliyekuwa mshenga wangu kwa mke wangu, Mama Kabula, na alinisifu kwa wakwe mpaka nikatamani kukutana na huyo mtu anayesifiwa. Ndiye pia aliyenipa kikombe changu cha kwanza cha gongo, wiki ile mwamba ulipodondoka karibu yetu nikawa sipati usingizi. "Kunywa, kaka, moyo ushuke," aliniambia. Nikanywa, moyo ukashuka. Nikasema, hospitali wanahangaika bure, dawa ndiyo hii.

Dawa ikafanya kazi. Kisha ikawa haitoshi. Kisha nikaanza kuamka alfajiri nimelowa jasho, moyo unakimbia kama mtu anayefukuzwa na fisi, na fisi mwenyewe simwoni. Basi nikawa napiga funda kabla ya kushuka shimoni ili mikono itulie. Mama Kabula nilimficha harufu kwa majani ya mpera, nikawa nayatafuna kila asubuhi kama mbuzi. Masanja peke yake ndiye alijua.

Masanja peke yake.

Sasa ya Alhamisi. Kazi yetu sisi wawili ni baruti. Mwisho wa zamu tunajaza matundu, tunawasha tambi, napuliza filimbi watu waondoke, tunakimbilia mafichoni, halafu tunanyamaza na kuhesabu. Kila tundu lina mlipuko wake. Ukiwasha nane, usikie nane. Ukisikia saba, ujue kuna baruti imelala ndani ya mwamba, na atakayeigusa asubuhi kwa chuma cha kutobolea hatarudi kwa mkewe. Ndiyo maana tunahesabu wawili. Na desturi yetu watu wa baruti ni moja: mkitofautiana, mnasogea pembeni, mnasemezana, ndipo mnampelekea nyapara neno moja. Hamuumbuani mbele yake.

Alhamisi niliwasha nane, nikasikia nane. Ningeapa kwa mama yangu. Nikamwambia nyapara, "Nane, kazi safi."

Masanja akakohoa. "Saba."

Nikacheka. "Huyu masikio yamejaa mchanga. Mke wake ndiye anamwambia hata mvua ikinyesha." Watu wakaangua kicheko. Masanja hakucheka.

"Ni saba, nyapara. Na huyu kaka yangu usimsikilize. Amekunywa. Anakunywa kila asubuhi."

Mbele ya watu wote. Hakunivuta pembeni, wala hakunikonyeza.

Walifunga njia, wakangoja moshi uishe na muda wa usalama upite, wakaingia na taa. Wakaikuta. Tundu la kona, utambi umekatika, baruti imetulia humo kama chura chini ya mtungi. Saba.

Cheti changu cha baruti wakakichukua palepale, nikapelekwa hospitali ya mgodi.

Tabibu wa pale ni mtu wa Bukoba, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Nilijitayarisha kwa hotuba. Akaniuliza swali moja tu: ule mlipuko wa nane ulisikikaje?

Nikafikiri. Nikamwambia ulikuwa mdogo kuliko wenzake. Mzito. Karibu sana na sikio.

Akaushika mkono wangu, akauweka kifuani kwangu mwenyewe. "Kama huu?"

Du.

Nilikuwa nimehesabu moyo wangu.

Ndipo akanieleza. Juu ya kila figo, anasema, kuna tezi ndogo imekaa kama kofia. Kichwa kikiona hatari, kinatuma amri kwa njia ya damu. Tezi inaisikia, inamwaga maji yake, moyo unakimbia, misuli inakaza. Hatari ikipita, kila kitu kinatulia. Nikamwambia hiyo ni filimbi yangu ya baruti, sema imo tumboni. Akafurahi, akasema haswa. Basi pombe, ambayo mimi nilidhani inaizima filimbi, kumbe ndiyo inayoipuliza. Inapulizwa leo, inapulizwa kesho, mpaka tezi masikio yake yanaharibika. Amri ya kweli inaipita, na isiyotolewa inaisikia. Pombe inapotoka mwilini alfajiri, filimbi inalia yenyewe na hakuna aliyewasha utambi. Mengine, alikiri, hata wataalamu bado wanayatafuta.

"Kwa hiyo miaka yote hii nakunywa ili nisiogope..."

"Ulikuwa unaifuga hofu, mzee."

Mimi Msukuma. Wenzangu wanafuga ng'ombe.

Akanikataza kuacha kwa ghafla, akasema mwili uliozoea hivyo ukinyimwa mara moja unaweza kuniangusha vibaya. Nipunguze kidogo kidogo, na mwingine anipimie. Kwa hiyo Mama Kabula, aliyekuwa akinipigia kelele nisinywe, sasa ndiye mnyweshaji wangu. Ananipimia kwa kikombe cha chai huku amenuna kama karani wa posta.

Leo alinunua figo za mbuzi. Kabla hajazikata nikaomba moja, nikaanza kuchambua mafuta yake. Nimekula figo tangu nina meno ya utoto na sijawahi kuona kofia.

"Baba Kabula," akasema, "wafumu wa ramli wenzako wanapasua kuku. Wewe umeanza na mbuzi? Unaona nini humo, mvua inakuja?"

Nikaipata. Kitu kidogo kama harage, kimejificha ndani ya mafuta, kando ya figo. Kwa mbuzi hata kofia si kofia.

"Nimemwona aliyenisaliti," nikamwambia.

"Basi mtoe upesi, sufuria imepata moto."

Tukala. Nilicheka kidogo, nakiri. Lakini harage halikunitosha. Mtu hawezi kulikasirikia harage. Pombe nayo haina uso. Mwenye uso ni Masanja.

Akaja mchana huu, jogoo kwapani. Alisimama palepale juani, hakukaribia kivuli.

"Mwadila, kaka."

Mama Kabula ndiye aliyeitikia salamu kwa niaba yangu, akapokea jogoo, akaingia ndani haraka kama aliyeacha mtoto mchanga peke yake.

Masanja akatazama chini. "Ningekuvuta pembeni," akasema, "ungenisikia?"

Nikatazama vumbi. Nalijua jibu. Ningemtania kidogo, ningemshika bega, ningemwambia, wewe na mimi tumetoka mbali. Angekubali nane. Yeye hukubali kila ninalosema, amekuwa hivyo tangu Shinyanga. Na Ijumaa asubuhi vijana wa kutoboa wangeingia pale.

Lakini alinipa kikombe kwa mkono wake, kisha akanitangaza kwa kikombe hichohicho. Hilo nalo ni kweli. Akangoja, akaaga, akaondoka.

Ndipo nikaona. Muda wote aliosimama, tangu alipompa Mama Kabula jogoo, mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Na alipogeuka kwenda, akaiingiza mfukoni haraka.

Tulikunywa pamoja miaka yote hiyo. Nilidhani filimbi ni yangu peke yangu?

Kesho naanza kazi mpya juu, kwenye chumba cha taa, kuwagawia taa watu wanaoshuka. Wanasema ni kazi ya wazee na vilema, na nimewahi kuwatania sana waliopo humo. Watanipokea kwa mikono miwili, najua. Kuhusu cheti, tabibu atanipima tena mikono ikitulia.

Masanja atakuja dirishani kama wengine. Baruti sasa ni yake, na hesabu ni yake. Atanyoosha mkono apokee taa, na mimi nitauona mkono huo kwa karibu, mchana kweupe.

Ukitetemeka, nitamvuta pembeni, au nitamwambia nyapara mbele ya watu wote?

Jibu ninalo, ni lilelile la Masanja. Ndilo linaloniudhi kuliko yote.