Herufi Ishirini na Tano

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utaiacha katikati uende kuangalia sufuria. Mimi ni mzima. Mafua ya mwezi uliopita yameniacha, nimebaki na kikohozi kidogo cha asubuhi. Wewe hujambo? Mwanao hajambo? Na goti lako, bado linakusumbua, au huko mlikohamia hakuna ngazi za kupanda? Hali ya Baba naijua, kwa kuwa umeniandikia kurasa tatu juu yake na mstari mmoja juu yako mwenyewe. Ndivyo ulivyo tangu utoto.

Nimechelewa kujibu na sitasingizia kazi. Umeniuliza jambo moja tu: siku ile ya simu, ni kweli Baba alisikia vibaya? Swali hilo nimelisoma kitandani, nimelisoma kwenye foleni ya maji, nimelisoma hata kazini huku mteja akinisubiri. Nitakujibu. Ila niache nianze nyuma kidogo, kwa sababu wewe hukuwepo masjala siku hiyo, na Baba hakuwahi kuwa mtu wa kusimulia mambo yaliyomshinda.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Kampuni yetu inauza programu ya kutunza kadi za wagonjwa. Hospitali yenye mtandao wa uhakika inaisakinisha yenyewe, inaifungua yenyewe, na hakuna anayenihitaji. Mimi nimewekwa kwa ajili ya watu wa kwenu, ambako mtandao ukija asubuhi, kabla hujamaliza kuufurahia umeshaondoka. Ninyi tunawatumia programu kwenye flashi, ndani ya bahasha, kwa basi. Mnaitumia siku sitini bure. Siku ya sitini mashine inaonyesha herufi ishirini na tano. Mnanipigia simu, mnanisomea, naziingiza kwenye kompyuta yetu, nayo inanipa herufi nyingine ishirini na tano za kufungulia. Nawasomea, mnaziandika, mambo yamekwisha. Mkikosea mara tatu, programu inajifunga na kila kilichomo, na nakala mliyoweka pembeni nayo haifunguki. Bosi anasema ni dawa ya wezi. Wateja wananiita Dada wa Herufi.

Hospitali ilipoagiza programu hiyo sikuwa na habari. Niliipata kwa Baba mwenyewe. Alinipigia akasema mganga mkuu amemwita, akamwambia kwa upole kabisa kwamba miaka ishirini na minane ya kutunza kadi kwenye makabati inatosha, sasa ni kompyuta. Akiweza kuiendesha, atabaki masjala mpaka astaafu. Akishindwa, nafasi atapewa mwenye cheti, na nyumba ya mtumishi irudishwe. Nyumba hiyo huna haja ya kuelezwa ni ipi. Ndimo ulimokuwa ukilala na mwanao tangu ulipoachika. Baba aliyasema hayo yote kwa pumzi moja, halafu akaniuliza kama nina nafasi ya kumsaidia. Dada, Baba kuniomba mimi! Nilikaa chini.

Tuliisakinisha kwa simu, siku mbili nzima, kwa sababu simu inashika vizuri karibu na dirisha la masjala hata kama mtandao haushiki. Nilimwambia abonyeze kulia, akabonyeza kioo kwa kidole. Nilimwambia afunge dirisha, nikasikia mlio wa komeo. Wenzangu ofisini walicheka hadi machozi, nami nilicheka nao, na sioni haya kukuambia kwamba kicheko changu kilikuwa kirefu kuliko chao. Kisha kila asubuhi mashine ilimwuliza kama anataka kusasisha. Yeye akabonyeza Ndiyo, akakaa na kipanya mkononi hadi saa sita mchana akisubiri kitu ambacho bila mtandao kisingekuja hata mwakani. Alifanya hivyo siku nne kabla ya kuniambia. Nilimweleza abonyeze Baadaye, na akanishukuru kana kwamba nimemponya.

Halafu akaanza kuchapa. Kadi sitini kwa siku, Jumapili hata sikukuu, kwa vidole viwili. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba viungo vya vidole vilivimba, ukawa unamkanda kwa maji ya moto kila jioni. Kadi elfu tatu na zaidi, na hakuruka hata moja. Kila Ijumaa alinipigia kunipa hesabu ya wiki, na kila mara nilisikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu yake kwamba huyu ndiye binti yangu, ndiye anayefungua mashine za hospitali zote. Siku hizi amekuwa mpole, anacheka, anasema mwanangu hapa mwanangu pale. Ukweli ni kwamba upole huo ulinichoma. Angebaki mkali kama zamani, nadhani ningemsamehe.

Siku ya sitini iliangukia Ijumaa. Mganga mkuu alikuja masjala na wageni wawili kutoka wizarani, wakasimama nyuma ya kiti cha Baba. Simu iliwekwa juu ya meza kwa sauti ya wazi ili wote wasikie. Baba alinisomea herufi za mashine bila kusitasita, kwa utaratibu wake wa shule: A ya asali, E ya embe, K ya kalamu. Niliziingiza mara moja, zikakubali mara moja. Kisha nikamsomea za kwangu. Akaandika. Mashine ikakataa. Nikasoma tena, akaandika, ikakataa. Kabla ya mara ya tatu aliniomba nimsomee polepole, akasema pale kuna feni na kelele za watu. Nikamsomea polepole, herufi moja, kimya, herufi nyingine. Ikajifunga.

Nilisikia feni. Nilisikia mgeni mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba mzee masikio yamechoka, na mganga mkuu akisema asante, inatosha. Baba akainama kwenye simu akaniambia nimsamehe, ameniaibisha kazini kwangu mbele ya wakubwa. Nikamjibu si neno, Baba. Bosi wangu alisikiliza simu hiyo Jumatatu, maana simu zetu zinarekodiwa, akazilinganisha herufi tu na zile za kompyuta, akaniita akasema hakuna herufi hata moja niliyoikosea, na kwamba amependa utulivu wangu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mwenye cheti aliingia masjala, na ninyi mkapewa wiki mbili. Sasa mnakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, mmegawa chumba kwa shuka, na kadi zile zote mwenye cheti anazichapa upya. Umeniandikia kwamba Baba amekubali kuwa ni kiziwi. Simu hapokei, redio ameigawa, akizungumzishwa anatazama midomo ya mtu. Mmezoea kumpigia kelele kama mnamwita aliye ng'ambo ya barabara, naye anaitikia kwa kichwa na kukaa kimya. Umesema mwenyewe kwamba nyumba haimuumi kama masikio. Kwamba kila siku anakaa na kikaratasi alichoandikia zile herufi siku ya simu, anazisoma moja moja, anajiuliza ni ipi iliyompita.

Dada, hakuna iliyompita. Baba alisikia kila kitu.

Unakumbuka imla. Baada ya chakula, meza ikifutwa, Baba analeta rula na daftari. Unakumbuka pia sikio langu la kushoto, lililokuwa likitoa usaha mpaka mto unanuka, na Mama, Mungu amrehemu, akilisafisha kwa pamba. Nilikuwa nasikia nusu ya maneno. Nikiuliza, Baba alikuwa hajibu ila sentensi moja: andika unavyosikia. Naandika ninavyosikia, nacharazwa ninavyoandika. Wewe ulisimama nyuma yake ukinichezea midomo, neno kwa neno, na siku aliyokukamata ulipata zako. Wageni wakija alinisimamisha kwenye stuli nitaje herufi, nikikosea anawaambia masikio ya huyu ni ya mapambo, na wageni wanacheka kwa adabu. Jambo moja hujui. Nilipopimwa afya ili niajiriwe hapa, daktari alichungulia sikio, akaniuliza nilikulia wapi pasipo na hospitali. Nilimwambia nilikulia ndani ya hospitali. Chumba cha daktari wa masikio kilitazamana na masjala, mlango kwa mlango, na mtunza kadi hakuwahi kufungua kadi ya mtoto wake. Sikio hilo limekufa. Kazi hii naifanya kwa sikio moja.

Sasa sikiliza kilichotokea Ijumaa ile. Ofisini kwetu herufi tunazitaja kwa Kiingereza. A tunaiita ei, E tunaiita ii. Lakini mtu aliyesomeshwa irabu za Kiswahili akisikia ei anaandika E, na akisikia ii anaandika I. Hakosei, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo Baba alivyotufundisha sisi. Kosa hilo limetokea kwa wateja wengi, hata bosi akabandika karatasi ukutani mbele ya meza yangu yenye orodha ya maneno: A ya asali, E ya embe, mpaka mwisho, ili tusome hivyo kila mara. Kwa wateja wengine wote nasoma hivyo. Siku ile karatasi hiyo ilikuwa mbele yangu, nami nikamsomea Baba ei na ii. Herufi zile za kufungulia zilikuwa na A mbili na E tatu. I haikuwemo, bahati mbaya kwake, maana angesikia ai angeandika herufi mbili, visanduku ishirini na tano vya kuandikia vingejaa kabla ya wakati na angeshtuka.

Mara ya kwanza, nataka uniamini, ulimi uliteleza kwa mazoea ya kuzitaja na wenzangu ofisini. Mashine ilipokataa niligundua papo hapo. Nilijua pa kurekebisha, na nilikuwa na nafasi mbili. Baba akaniuliza, ile ya nne, ni I ya imla? Neno hilo alilichagua mwenyewe, katika maneno yote ya dunia. Nikarudia tu: ii. Mara ya tatu akaniomba kwa unyenyekevu, mwanangu, nitajie kwa mfano, I ya nini? Nikamwambia, Baba, andika unavyosikia.

Akasema, haya, soma. Sijui kama alikumbuka. Nilitamani sana akumbuke, na kwa kuwa hakusema zaidi ya hapo, nikasoma mpaka herufi ya mwisho.

Usinitafutie udhuru, dada, nakujua. Sikupandwa na hasira. Nilikuwa mtulivu, kama alivyosema bosi. Nilijua nyumba ni ya kwako pia, nilijua mwanao analala mle, na nilijua ni wewe uliyekuwa ukipigwa kwa ajili ya midomo yako. Nilikuweka kwenye mizani na bado nikasoma. Jioni hiyo nilikula vizuri. Ni barua yako tu iliyonitoa usingizi, ile sehemu ya redio, na hata hiyo siwezi kuiita majuto. Nilifikiri ningefurahi muda mrefu zaidi.

Umeomba nikujibu ili umtulize Baba. Jibu ndilo hilo, na najua nimekupa mzigo. Ukimwambia masikio yake ni mazima, atakuuliza kama ni hivyo kwa nini mashine ilikataa, na hatakuacha mpaka ajue. Usipomwambia, atakufa akiwa kiziwi mwenye masikio mazima, lakini akiwa na binti anayefungua mashine za hospitali zote. Mimi sitamwandikia wala sitampigia. Kimoja utamwachia na kimoja utamnyang'anya, na sitakulaumu kwa lolote utakalochagua. Nimechagua mimi mara moja, imenitosha.

Mkande goti lako kwa maji ya moto, usingoje lizidi. Mwambie mwanao shangazi, samahani, mama mdogo anamkumbuka. Unaona, hata jina langu kwenu limeanza kunipotea. Majirani wa zamani ukiwaona wape salamu. Na Baba nisalimie sana. Sema kwa sauti yako ya kawaida tu, anasikia.

Ni mimi, mdogo wako.